Fundi Viatu Alipopata Pua

Bi Taarifa ndiye aliyeianzisha habari ya pua. Alikuwa akiuza vitunguu dirishani kwake, na kila aliyenunua kitunguu aliondoka na habari ya bure juu yake.

"Mmesikia? Fundi Tarumbeta kaenda kukatwa pua. Anataka iwe nyembamba, imesimama, kama za wale wa kwenye magazeti. Mzee mzima, mgane! Sasa jiulizeni wenyewe, mgane anatengeneza pua ya nini kama hataki kuoa?"

Waliokuwa dirishani wakaguna, wakacheka. Nyuma yao kabisa alikuwa amesimama Mama Bonge, mwanawe mgongoni, naye ndiye mkwe wa huyo mzee anayesemwa. Akasubiri zamu yake tu. Bi Taarifa alipoinua macho akamwona, hata aibu haikumpata.

"Ah, Mama Bonge! Hujambo mwanangu? Tulikuwa tunamwombea mzee hapa."

"Asante, Bi. Naomba vitunguu."

"Na ni kweli anaoa?"

"Anataka kupumua, Bi. Ameenda ili apumue."

"Ehee," Bi Taarifa akasema huku akifunga vitunguu kwenye gazeti, "wote husema hivyohivyo."

Ukweli ulikuwa kwamba mzee hakuwa amepumua kwa pua tangu ujana wake. Enzi hizo alikuwa golikipa. Siku moja mshambuliaji alipiga mpira, na kiatu nacho kikamchomoka mguuni kikaufuata. Mpira mzee aliudaka. Kiatu hakukidaka. Tangu siku hiyo pua ikalalia upande wa kushoto na pumzi zikahamia mdomoni. Alipokuja kuwa fundi viatu, watu wakasema analipiza kisasi: kiatu kilimpiga mara moja, yeye atavipiga nyundo mpaka kufa.

Jina la Tarumbeta lilitokana na kukoroma. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao, na ukuta wenyewe ulikuwa ukitetemeka. Mama Bonge alipoolewa pale, wiki za mwanzo alidhani mtaa una kiwanda. Baadaye akazoea. Bonge ndiye hakuhitaji hata kuzoea, maana alizaliwa humo, na tarumbeta la babu lilikuwa ndilo bembelezo lake.

Lakini kukoroma hakukuwa shida. Shida ilikuwa pale kunapokatika. Mzee angekoroma, angekoroma, halafu kimya. Mama Bonge angefungua macho, angemgusa mumewe, nao wangelala wameshika pumzi zao wakingojea ya mzee. Kisha angeshtuka, "Hhhaaa!", kama mtu aliyeibuka kisimani, na tarumbeta likaendelea. Mchana usingizi ulimdai deni lake, akawa anasinzia kazini nyundo ikiwa mkononi. Siku mumewe Mama Bonge, ambaye ni fundi wa kuchomelea mageti, alipopita bandani akamkuta baba yake amelala mdomo wazi na misumari imepangana midomoni, aliitoa mmoja mmoja kwa vidole, taratibu, huku jasho likimtoka. Alipoutoa wa mwisho akamwamsha.

"Baba, kesho tunakwenda hospitali."

"Kuna nini?"

"Nitakwambia ukishaona hii," akamfunulia kiganja.

Kwa daktari walikwenda wote, na Bonge wao. Daktari alimchungulia mzee kwa taa, akachungulia tena, akasema ukuta wa katikati ya pua umepinda, umeziba tundu moja kabisa, na vinyama vya tundu la pili vimevimba. Watampasua kwa ndani, waunyooshe ukuta, waweke vibao laini vya kuushikilia mpaka pakauke. Nje hapataonekana hata alama.

"Kama kisigino kilichokaa upande," mzee akasema.

"Kama hivyo, mzee."

"Na mnashona?"

"Tunashona."

"Kwa uzi gani?"

"Uzi maalumu. Unayeyuka wenyewe baada ya muda."

Mzee akamtazama daktari, akamtazama mwanawe, kisha akasimama akavaa kofia yake. Mwanawe akamwahi kwa pindo la shati.

"Niache! Umemsikia huyu? Uzi unaoyeyuka! Mimi nikimshonea mtu kiatu kwa uzi unaoyeyuka si atanirudia na polisi?"

"Mzee, uzi ukiyeyuka nyama itakuwa imeshashikana," daktari akasema. Alikuwa akijitahidi asicheke. "Kiatu hakioti, pua inaota."

Hilo mzee alilifikiria. Akaketi. Akavua kofia. "Basi nilaze," akasema, "lakini hiyo nusukaputi yenu itoshe. Sitaki kuamka katikati nikaona ushonaji."

Alirudi nyumbani pua imevimba kama nyanya, na kitambaa cheupe chini yake kimekaa kama masharubu. Bi Taarifa alikuwa wa kwanza kuja kumtazama. Akamzunguka kushoto, akamzunguka kulia.

"Mbona ni ileile?"

"Ulitaka ipi?" mzee akauliza, sauti ikitokea kooni.

Bi Taarifa alitoka pale amenyong'onyea kabisa, kama mtu aliyelipia sinema umeme ukakatika.

Daktari alikuwa ameagiza pua isafishwe kwa maji ya chumvi, na kwamba mtoto asipakatwe mpaka papone, kwa sababu alimwona Bonge pale hospitalini alivyompiga baba yake kichwa cha kidevu. Bonge alikuwa na kichwa kizito na hakujua breki. Basi mzee akawa anacheza na mjukuu wake kwa mbali, akimpungia mkono toka kwenye kiti.

Maji ya chumvi yalikuwa mtihani mwingine. Mumewe Mama Bonge alishinda kazini, na mtu na mkwewe wana haya zao. Mzee aliinama kwenye beseni, amegeukia ukutani. Mama Bonge alimpa chupa kwa kunyoosha mkono, uso wake kaupeleka mlangoni. Na ili asisikie yale ya puani kwa baba mkwe, akawa anamwimbia Bonge kwa sauti ya juu. Mtaa mzima ukajua kwamba Mama Bonge akiimba, mzee anasafishwa.

Siku vibao vilipotolewa, mzee alifunga mdomo akavuta pumzi kwa pua. Akaitoa. Akavuta nyingine polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya dukani, anatembea hatua mbili, anarudi, anaangalia kama kinabana.

"Inaingia," akasema. "Inaingia yote!"

Usiku wa kwanza alilala kimya kama mto. Matokeo yake, hakuna mwingine aliyelala. Bonge aliamka akilia kutafuta bembelezo lake, na mumewe Mama Bonge alikwenda kumtikisa baba yake kuhakikisha yu hai, mpaka mzee akamtishia kumrushia kiatu. Lakini asubuhi mzee alikuwa na macho meupe, mgongo umenyooka, na akakumbuka mambo ya tangu mwaka juzi aliyokuwa ameyasahau kwa usingizi. Mama Bonge alimtazama akila, akafurahi moyoni.

Daktari alisema pia kuwa harufu zitarudi kidogo kidogo. Mzee hilo hakulitilia maanani. Harufu alikuwa anazisikia, kwa jinsi alivyojua yeye: kwa mbali, kama redio inayolia nyumba ya tatu.

Banda lake lilikuwa la mbao na bati, kando ya duka la kinyozi. Ndani mlikuwa na benchi lake, rafu za viatu mpaka juu, kigoda cha mteja, na kipande cha boksi mbele ya kigoda ili aliyevua kiatu asikanyage vumbi. Siku aliyorudi kazini, Mama Bonge alimpelekea chai ya saa nne kama kawaida yake. Alipokata kona alisimama. Banda lote lilikuwa nje. Rafu barabarani, benchi miguu juu, viatu vimelundikwa kama mlima, na mzee amepiga magoti ndani, anabandua ubao wa sakafu.

"Baba, kumetokea nini?"

"Panya! Amekufa panya humu. Si mmoja, ukoo mzima!"

Kinyozi alikuwa ameacha mteja amenyolewa nusu kichwa, anamsaidia kusukuma rafu. Bi Taarifa alikuwepo, angekosaje.

"Wewe unasikia harufu?" Mama Bonge akamuuliza kinyozi kwa sauti ya chini.

"Nasikia ya siku zote," kinyozi akasema. "Ila mzee anasema anakufa."

"Labda si panya," Bi Taarifa akasema, macho yamemtoka. "Hapa zamani palikuwa na nani?"

Watu wakarudi nyuma hatua moja. Mteja mwenye nusu kichwa akarudi mbili.

Mama Bonge alimwangalia tu baba mkwe wake. Aliona kwamba mzee akiingia ndani ya banda tupu, uso unatulia. Akitoka nje akiukaribia ule mlima wa viatu, uso unajikunja kama karatasi motoni. Akaingia tena: "Humu afadhali kidogo." Akatoka: "Hapana, yuko huku!" Na huku hapakuwa na panya, palikuwa na viatu.

Akainama, akachukua kiatu kimoja, buti la dereva mmoja wa lori, akampelekea mzee karibu na uso kama anayeuliza swali.

"Baba, hili la nani?"

Mzee aliruka. Kweli aliruka, kisogo kikagonga bati. Kisha akasimama akilitazama lile buti, akautazama mlima, akaketi polepole kwenye kigoda cha wateja.

"Ni hivi?" akanong'ona.

"Ni hivyo, Baba."

"Ndivyo vinavyonuka?"

"Siku zote, Baba."

"Na wewe kila siku unaniletea chai hapa?"

"Nilikuwa nasimama upande upepo unakotoka," akasema Mama Bonge, macho chini.

Mzee akajipangusa uso. Watu walikuwa wanangojea nje. Akasimama, akatoka.

"Haya, asanteni jamani. Panya amekimbia."

"Aliyekufa?" Bi Taarifa akauliza. "Amekimbiaje?"

"Hakuwa amekufa. Alikuwa kwenye nusukaputi."

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini jambo hili halikuwa la kuchekwa tu, ni lazima ajue watu walimpendea nini Fundi Tarumbeta. Mafundi wengine walikuwepo, na wenye mashine. Lakini kule ukivua kiatu, fundi anakishika kwa ncha za vidole viwili, anakitupa kwenye ndoo, anakwambia uje kesho. Kwa Tarumbeta ulikaa kigodani, ukavua, naye akatia mkono wote ndani, akaingiza na uso kutafuta msumari unaokuchoma, huku akikuuliza habari za watoto. Hakuna aliyeona haya mbele yake. Mlinzi wa ghala, mtu mkubwa mpole, alikuwa na jozi moja tu ya mabuti. Alisimama ndani yake tangu zamu inapoanza mpaka inapoisha, kwa hiyo yakiharibika ilimlazimu angoje peku mpaka yashonwe. Mahali pengine popote angejificha. Pale alinyoosha vidole, akacheka, akaagiza karanga.

Mteja wa kwanza baada ya panya alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Akakaa, akavua kiatu cha kulia. Mzee akainama kama alivyozoea, akavuta pumzi kabla ya kukumbuka. Macho yakamjaa machozi.

"Fundi, unalia?"

"Hapana. Yaani ndiyo. Nimemkumbuka marehemu mke wangu."

"Pole sana, baba," mwalimu akamshika bega. "Na viatu vinakukumbushaje?"

"Alikuwa... alikuwa anavaa."

Kufika jioni Bi Taarifa alishapata lake: mzee analia kwa sababu anataka kuoa na dhamiri inamsuta.

Mlinzi alikuja kesho yake. Mama Bonge alikuwa pale, anakusanya vikombe. Soli ya buti ilikuwa imeachia mbele, inafungua mdomo kila hatua. Mlinzi akakaa, akaanza hadithi ya binti yake, akavua. Na mzee, alijikaza kweli, mishipa ya shingo ilimsimama. Lakini uso ulimponyoka. Aligeuka upande mara moja tu, akavuta hewa ya nje, akarudi.

Ilitosha. Mlinzi aliiacha hadithi katikati. Akarudisha mguu ndani ya buti, akafunga kamba zake taratibu.

"Nimekumbuka nina haraka kidogo, fundi. Nitapita."

"Ngoja, ndugu yangu, ni kazi ndogo..."

"Nitapita."

Akaondoka, soli ikipiga tap, tap, mpaka alipokata kona. Hakupita kesho yake, wala siku iliyofuata. Mama Bonge alimwona sokoni, buti amelifunga kwa kamba ya katani.

Mzee alijaribu kila kitu. Alijipaka dawa ya kuchua chini ya pua, wateja wakamkimbia wakidhani ana mafua ya kuambukiza. Alijaribu kurudia kupumua kwa mdomo, lakini pua ilikwisha kuonja hewa, haikukubali kustaafu tena. Mama Bonge akamfuma uani na kibanio cha nguo.

"Baba! Usiibane, ndiyo kwanza inapona."

"Nilikuwa naangalia tu kama kinafaa."

"Kinafaa kamba, Baba. Nipe."

Akampa, kama mtoto aliyefumwa na sukari.

Jioni hiyo alimwambia mwanawe, "Kesho unisindikize kwa daktari."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka anirudishie ukuta wangu pale alipoukuta."

Mwanawe alicheka mpaka akapaliwa. Mama Bonge hakucheka. Alimwona mzee anavyozungusha kijiko kwenye sahani bila kuteka kitu.

"Nyinyi mnadhani mimi naogopa harufu," mzee akasema. "Harufu nitaizoea. Ni uso huu. Unasema kabla sijauzuia. Mtu kanivulia kiatu chake mbele yangu, mtu wa watu, mimi namgeuzia shingo. Heri ningeendelea kukoroma."

Asubuhi hakufungua banda. Alikaa uani kwenye kiti, mikono mapajani, na mikono ya fundi isiyo na kazi inatia huruma kuitazama. Mama Bonge alikuwa na beseni la nguo za mtoto mbele yake, Bonge begani, maziwa jikoni. Maziwa yakaanza kupanda. Alisikia yanavyochemka kwenye ukingo wa sufuria, akaruka, na bila kufikiri akambwaga Bonge mapajani kwa babu yake akakimbia.

Aliepua sufuria ndipo akakumbuka. Kichwa! Pua! Akatoka mbio, mwiko mkononi.

Bonge alikuwa ametulia, anavuta kifungo cha shati la babu. Mzee alikuwa amefumba macho, na pua yake, ile pua yote iliyopasuliwa na kushonwa kwa uzi unaoyeyuka, ilikuwa imelala juu ya utosi wa mtoto. Hakusogea. Mama Bonge alidhani amesinzia, ila hapakuwa na tarumbeta.

"Mnampaka nini huyu?" mzee akauliza, macho bado amefumba.

"Mafuta tu, Baba. Yale ya kopo."

"Si mafuta."

"Basi maziwa. Ametema kidogo asubuhi."

"Maziwa yapo. Lakini si maziwa." Akavuta tena, polepole, kwa matundu yote mawili. "Ni mwenyewe. Yuko hivi?"

"Yuko hivyo, Baba."

"Tangu azaliwe?"

"Siku zote, Baba."

"Na hamkuniambia."

"Tulidhani unajua," Mama Bonge akasema, akajifanya anakung'uta mwiko.

Alirudi kwenye beseni lake. Bonge akawa anazungumza na kifungo. Mama Bonge akafua kaptula, akafua kofia, akachukua lile shati dogo la jana, lenye doa la maziwa begani, akalinyoosha kwenda majini.

"Usilitie!"

Akashtuka, akabaki nalo hewani. Mzee alikuwa amesimama, mjukuu kwapani, anatafuta viatu vyake kwa miguu.

"Hilo shati. Mlinzi bado yuko ghalani saa hizi?"

"Zamu yake haijaisha, Baba."

"Basi namfuata hukohuko, avue mabuti mbele yangu nami niketi chini nimshonee." Akajipiga kifuani, panapokaa mfuko wa aproni yake ya kazi. "Nitalikunja hapa, chini ya kidevu. Nikiinama kwenye kiatu cha mtu, pua ianze kupita hapa kwanza, uso ujue la kufanya."

"Lakini ni chafu, Baba. Ngoja nikupe safi, yako kabatini yamepigwa pasi."

Mzee alitikisa kichwa, akanyoosha mkono. Alikuwa anaona haya, hata kofia aliishusha machoni kidogo, kwa maana hakuwa amezoea kumwomba mkwewe kitu kingine zaidi ya chai.

"Safi la nini, mwanangu? Nakuomba hilohilo. Na kuanzia leo, katika nguo zake, kila siku unibakizie moja usiifue."